2,147,483,647: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaokuja jioni kujifunza hesabu na kompyuta hapa Dodoma, wengine wa sekondari, wengine wa chuo. Mengine yametoka kwa watu wazima ambao namba hii imewaingilia kazini bila kubisha hodi. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa. Kama una haraka ya kurekebisha mfumo wako, ruka hadi swali la namba za simu.

Mwalimu, kwanza inasomwaje?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiondoa mikato unabaki na tarakimu kumi: 2147483647.

Ni kubwa kiasi gani?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Ingebidi tuwe na Tanzania karibu 35 ili tuifikie. Kwa muda, sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855 na saa tatu na ushei, yaani kama miaka 68 na wiki mbili na nusu. Kwa hiyo babu au bibi yako aliyetimiza miaka 69 keshaipita, sekunde moja baada ya nyingine, na wala hakuna aliyempongeza.

Inapatikanaje?

Anza na 1. Zidisha kwa 2, jibu ulizidishe tena kwa 2, endelea hivyo mpaka utimize mara 31. Utapata 2,147,483,648. Toa moja. Kwa lugha ya darasani ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1.

Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu. Ukiiandika namba yetu kwa mtindo huo, haina sifuri hata moja:

1111111111111111111111111111111

Hizo ni moja 31 zimejipanga. Tabia zake nyingi, za kwenye karatasi na za kwenye simu yako, zinaanzia hapo.

Wanasema ni namba tasa. Nani alihakikisha, na alihakikishaje wakati kompyuta hazikuwepo?

Ni tasa kweli: haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi zaidi St Petersburg na Berlin. Matokeo yake aliyatoa mwaka 1772, kwenye barua aliyomwandikia mwanahisabati wa ukoo wa Bernoulli, na miaka hiyo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu wa namba hii.

Njia ya kawaida ya kujua kama namba ni tasa ni kuijaribu kwa kila namba tasa ndogo hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu kiko kati ya 46,340 na 46,341. Chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Kugawanya mara 4,792 kwa kalamu si kazi ya kumpa binadamu.

Euler hakugawanya mara zote hizo. Alijua sheria mbili kuhusu namba za aina hii. Ya kwanza: ukichukua 2 kwa kipeo fulani kilicho namba tasa (kuanzia 3), ukatoa 1, basi kigawo chochote tasa cha jibu lazima kiwe ni kigawe cha kipeo hicho mara mbili, ukiongeza 1. Usiniamini bure. Jaribu kipeo cha 11: 2 kwa kipeo cha 11 kutoa 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Sasa 23 ni 22 na 1, na 89 ni 88 na 1. Zote mbili zimetii. Ya pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Gawanya 23 kwa 8, inabaki 7. Gawanya 89 kwa 8, inabaki 1. Zimetii tena.

Kwa kipeo cha 31, sheria ya kwanza inataka kigawe cha 62 ukiongeza 1. Ukiiunganisha na ya pili, zinapona familia mbili tu: vigawe vya 248 ukiongeza 1, na vigawe vya 248 ukiongeza 63. Chini ya 46,340 familia hizo mbili zina namba mia tatu na sabini na kitu, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo unazitupa bila kuzijaribu. 249 ni 3 × 83, tupa. 497 ni 7 × 71, tupa. 559 ni 13 × 43, tupa nayo. Zinazostahili kujaribiwa hazifiki mia moja.

Ya kwanza ni 311. Gawanya namba yetu kwa 311: unapata 6,905,092 na inabaki 35. Haikugawanyika. Inayofuata ni 1,303: inabaki 226. Kisha 1,489: inabaki 199. Endelea hivyo hadi mwisho, hakuna hata moja itakayobakiza sifuri. Kutoka mara 4,792 hadi chini ya mia bila mashine yoyote, kwa kufikiri kwanza kabla ya kushika kalamu. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini tunasoma nadharia wakati kikokotoo kipo, huwa namwonyesha hapa.

Kwa hiyo 2 kwa kipeo tasa chochote, ukitoa 1, unapata tasa?

Hapana, na umeshaona: 11 ni tasa lakini 2,047 si tasa. Kinyume chake ndicho kweli, kwamba kipeo kisipokuwa tasa jibu haliwezi kuwa tasa.

Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake ya vipeo vinavyozaa tasa mwaka 1644, hadi 257. Cha 31 alikipatia. Alikosea 67 na 257, akasahau 61, 89 na 107. Kosa la 67 lina kisa chake: mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake, inasimuliwa kuwa hakutamka neno, akazidisha ubaoni 193,707,721 × 761,838,257,287 na kupata 147,573,952,589,676,412,927, ambayo ndiyo 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1. Akarudi kukaa. Wakampigia makofi.

Ndugu, orodha ya wanachama wetu ina namba moja ya simu kwa kila mtu. Tumeingiliwa na wezi?

Hili ndilo swali linaloletwa na watu wengi ambao hesabu zenyewe hawana habari nazo. Aliyeliuliza wa kwanza alikuwa mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa, akiwa na karatasi zilizochapwa. Wanachama wa zamani walikuwa na namba zenye tarakimu tisa, zinaanza na 7 au 6. Wanachama wapya wote, mstari kwa mstari, walikuwa na 2147483647. Meseji za kukumbusha marejesho hazikuwa zikiwafikia. Kijana aliyetengeneza mfumo alishahama mji, na lawama zilikuwa zinamwelekea karani.

Karani hakuwa na kosa, na wezi hawakuwepo. Namba za simu zilikuwa zinatunzwa kama namba za kuhesabia, kwenye nafasi ya biti 32 (biti ni sehemu moja ya kuweka 0 au 1). Namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 2,147,483,647. Zamani walikuwa wakiandika 07 na kuendelea. Kompyuta ikatupa sifuri ya mbele, maana kwake 0 mbele ya namba haina kazi, ikabaki na tarakimu tisa zinazoenea vizuri. Baadaye wakaambiwa waandike kuanzia 255. Namba inayoanza na 255 ikiwa na tarakimu kumi na mbili ni zaidi ya bilioni 255. Haiingii. Baadhi ya kanzidata, yaani programu za kutunza kumbukumbu, zisipowekewa masharti makali, hazikatai kitu kisichoenea. Zinaandika kikubwa zinachokiweza na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Dawa yake: namba ya simu itunzwe kama maandishi, si kama namba. Hutaijumlisha wala kuizidisha na kitu. Zilizokwisha kuharibika hazirudi. Inabidi kuzitafuta upya kwenye fomu za karatasi, ndiyo maana nasema fomu za karatasi zisichomwe mapema.

Wamarekani nao yamewakuta. Kwao 214 ni namba ya eneo la Dallas, hivyo 214-748-3647 inafanana kabisa na simu ya mtu wa Dallas, na imejitokeza kwenye orodha nyingi kwa sababu hiyohiyo.

Je, namba ya NIDA? Nikitumia nafasi kubwa zaidi, ya biti 64?

Haitoshi. Kikomo cha biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, tarakimu 19. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiamua kuachana na namba hasi ili upate nafasi zaidi, kikomo kinapanda hadi 18,446,744,073,709,551,615, ambayo ina tarakimu 20, na hapo vijana hufurahi mapema. Lakini namba ya NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa. Ikianza na 19 au 20 tayari imezidi. Mfumo huo ungemfaa aliyezaliwa mwaka 1844 au kabla. Tunza kama maandishi.

Na fedha?

Kwa shilingi nzima, bilioni mbili na ushei zinatosha duka la Majengo, hazimtoshi mnunuzi mkubwa wa mahindi pale Kibaigwa kwa jumla ya msimu. Balaa ni mifumo inayotunza fedha kwa senti, kama ile iliyoandikwa kwa ajili ya dola kisha ikaletwa huku. Kwa senti, kikomo ni shilingi 21,474,836.47. Hiyo ni fedha ya kiwanja, na mtu hushangaa kwa nini mfumo unagoma kwenye milioni ishirini na mbili.

Kwa nini kompyuta ikomee hapo hasa? Na ikizidi moja inakuwaje?

Nafasi ya biti 32 ina sehemu 32 za kuweka 0 au 1. Moja hutumika kuonyesha kama namba ni hasi. Zinabaki 31. Zote zikiwa 1 umepata namba yetu, na huna pengine pa kwenda.

Ukiongeza moja, zile 31 zote zinageuka 0 na ile iliyobebwa inaangukia kwenye sehemu ya alama. Mita ya pikipiki ikifika mwisho inarudi sifuri, ila hii inarukia upande wa pili kabisa: −2,147,483,648. Deni kubwa kuliko yote badala ya akiba kubwa kuliko yote. Lugha nyingine za kuprogramu hukuonya, nyingine hunyamaza.

Nasikia mwaka 2038 kompyuta zitagoma. Ni kweli au ni yale ya mwaka 2000?

Ni kweli kwamba tatizo lipo, si kweli kwamba dunia itasimama.

Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu usiku wa kuamkia 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Iliyotunza hesabu hiyo kwenye biti 32 itafika 2,147,483,647 siku ya Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Dodoma jua litakuwa halijachomoza.

Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utaruka hadi kwenye namba hasi na kudhani ni Ijumaa, 13 Desemba 1901, saa tano na dakika 45 usiku kwa saa zetu za leo. Yaani utatupeleka kwenye enzi za Mjerumani, kabla reli ya kati haijaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Cheti kitaonekana kimekwisha muda, mkopo utaonekana haujaanza.

Simu mpya na seva za sasa zinahesabu muda kwa biti 64, hazina shida hiyo. Hofu yangu iko kwenye vitu ambavyo watu hawavioni kuwa ni kompyuta: mita, mashine za getini, vifaa vilivyofungwa ukutani miaka mingi na kusahaulika. Pia si lazima usubiri 2038. Mfumo unaopanga marejesho ya mkopo wa miaka 15 au 20 unagusa tarehe hiyo leo.

Ni kweli iliwahi kukwamisha YouTube?

Karibu. Video ya "Gangnam Style" ya PSY, mwanamuziki wa Korea Kusini, ilipokuwa inakaribia kutazamwa mara 2,147,483,647, mwishoni mwa 2014, kihesabio kilihamishiwa biti 64. Kikomo kipya ni ile namba ya tarakimu 19 iliyotajwa kwenye swali la NIDA. Kwa bahati mbaya, ndugu huyo mkubwa si tasa. Kipeo chake ni 63, nacho ni 7 × 9, hivyo inagawanyika kwa 127, na hata kwa 7.

Kabla ya kompyuta ilikuwa na faida gani?

Hakuna. Ilikuwa ya kustaajabiwa tu, na kuna mtu aliandika hivyo waziwazi.

Kuna namba ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ileile. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tangu enzi za Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ilijulikana namna ya kuzitengeneza: chukua tasa ya aina yetu, izidishe kwa 2 yenye kipeo pungufu kwa moja. 3 × 2 ni 6, 7 × 4 ni 28, 31 × 16 ni 496. Namba yetu ukiizidisha kwa 1,073,741,824 inazaa 2,305,843,008,139,952,128, ya nane katika ukoo huo.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa hazina matumizi na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Watu wakajisumbua. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa Kirusi, alionyesha kuwa 2 kwa kipeo cha 61 kutoa 1 ni tasa, na namba nyingine kubwa kuliko ile ya Barlow ikapatikana papo hapo. Barlow alikosea pande zote mbili, la matumizi na la kujisumbua, ila simlaumu sana: mwaka 1811 angeonaje kanzidata?

Ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote?

Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana, hadi karne ya 19. Kufikia 2024 iliyoshika nafasi hiyo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kutoa 1, yenye tarakimu 41,024,320. Hakuna ya mwisho, tasa haziishi.

Tulifundishwa namba za nasibu kwa 16807. Inahusiana?

Inahusiana sana. Kompyuta haiwezi kurusha shilingi hewani, kwa hiyo inaigiza. Chukua namba yoyote kuanzia 1, zidisha kwa 16,807 (ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5), gawanya kwa 2,147,483,647, chukua kinachobaki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, kisha 984943658. Kwa macho hazina mpangilio.

Kwa kuwa namba yetu ni tasa na 16,807 imechaguliwa kwa makini, mlolongo huu unapita kwenye namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ulikoanzia. Stephen Park na Keith Miller waliupendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini cha kukubalika. Kwa mchezo wa simu unafaa. Kwa neno la siri au kwa benki, usiuguse, kwa sababu anayejua namba moja anajua zote zinazofuata.

Nikiichukua namba yenyewe nikaifanya kipeo?

Swali zuri, na lina sababu, maana 31 nayo ni 2 kwa kipeo cha 5 kutoa 1. Namba yetu imeshapanda ngazi hiyo mara moja. Ni nne tu zinazojulikana kuwa zimepanda hivyo zikabaki tasa: 7, 127, yetu, na 2 kwa kipeo cha 127 kutoa 1.

Ukipanda tena, yaani 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 kutoa 1, unapata namba yenye tarakimu 646,456,993. Hiyo si tasa. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Ukitaka kuhakikisha kwamba sheria ya kwanza aliyoitumia Euler bado inafanya kazi huko juu, toa 1 kwenye kigawo hicho, kisha gawanya kwa mara mbili ya 2,147,483,647, yaani kwa 4,294,967,294. Unapata 68,745 kamili, bila baki.

Nataka kujaribu mwenyewe. Nianzie wapi?

Anza na 311 kwa kalamu, uone ile 35 ikibaki. Kisha tafuta mwenyewe tasa inayofuata baada ya 1,489 katika zile familia mbili. Ukitumia kikokotoo cha simu, kwanza zidisha 1,073,741,824 kwa 2,147,483,647 uone kama kinaleta tarakimu zote 19. Kikikata na kuandika E katikati, kitakudanganya kwenye baki; tafuta kingine.